Kufungwa kwa Pointi Moja

Meli iliyowarudisha wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo cha ualimu ilitia nanga Alkhamisi asubuhi, na wenyewe walitarajiwa Jumatano ya wiki ya pili yake. Hakuna aliyekwenda kuwapokea kwa sababu hakuna aliyejua kuwa wanarudi. Walishuka vijana kumi na mwalimu wao, wakapanga mstari kuonyesha vibali vya safari, wakatoka nje ya lango la bandari, na pale kila mmoja akashika njia yake. Jumapili, walipokuwa wanaondoka, palikuwa na tarumbeta, na mkuu wa chuo alisimama juu ya kreti akasema kwamba kombe lishapata pa kuwekwa.

Usi, mtoto wa Kificho fundi seremala, alikwenda kwao Mkunazini kwa vichochoro vya ndani ili asipite mbele ya baraza za watu. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya zamani iliyogaiwa vyumba kwa familia sita, na wao walikaa juu kabisa. Mama yake, Bi Time, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi aliposikia hatua kwenye ngazi, mguu mmoja unakanyaga na mwengine unaburuzwa. Aliacha kukuna kabla hajamwona.

"Mmeshacheza?"

"Tushacheza."

"Ikawaje?"

"Tumefungwa, mama. Arubaini na mbili kwa arubaini na moja. Mchezo wa mwanzo tu. Mashindano yale ni ya mtoano, ukifungwa unarudi kwenu."

Bi Time hakumtazama usoni. Alitazama mguu.

Siku kumi kabla ya hapo wanafunzi wa chuo walikwenda Michenzani kujitolea kwenye ujenzi wa majumba, na Usi, akiwa na karai la zege begani, aliteleza kwenye ubao. Karai lilimwagika, na kifundo cha mguu wa kulia kikageuka. Alirudi nyumbani kwa kushika kuta. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto ya chumvi, akampaka mafuta, akachana kipande cha kanga yake akaufunga mguu. Usi alimwomba asimwambie mtu. Nafasi za safari zilikuwa kumi na vijana walikuwa kumi na wawili, na Mwalimu Masoud, aliyewafundisha, alikuwa hajatoa majina. Bi Time angeweza kukataa. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshasikia kutoka kinywani mwake kwamba mwanawe atavuka bahari na jina la chuo kifuani. Akaufunga mguu ule vizuri zaidi, na mumewe hakumwambia, kwa kuwa alijua atamzuia.

"Unauma?" akauliza sasa.

"Kidogo," akasema Usi, akaingia chumbani akalala na viatu vyake.

* * *

Timu ile ilikuwa haijafungwa mwaka mzima, na kitu ambacho hakijawahi kutokea lazima kitafutiwe sababu. Mpaka Ijumaa sababu ilikuwa imeshapatikana. Baada ya mchezo, Salem bin Ghanim, nahodha, alionekana amekumbatiana na kijana wa timu ya pili. Walikumbatiana muda mrefu. Mmoja aliwaona akasimulia, wa pili akasimulia alivyosimuliwa, na habari ilipofika sokoni Darajani, ilikuwa kwamba Salem kauza mchezo. Kamati ya michezo ya chuo ikampelekea barua ya kumwita Jumatatu, yeye peke yake.

Jioni ya Ijumaa hiyo Salem alikuja kwa kina Usi. Alikuwa kijana mrefu mno, akiingia nyumba za watu ameinama bila ya kuambiwa. Alimwamkia Bi Time, "Shikamoo Bi Time," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na sauti ya Bi Time ikawa nyembamba. Wale vijana wawili wakakaa kwenye ngazi.

"Nimekuja kukujulia hali ya mguu," akasema Salem.

"Umevimba, lakini natembea."

"Usiutembelee sana."

Wote wawili walikuwa wanafikiri dakika nne za mwisho za mchezo ule. Usi alipewa kumchunga kijana mmoja mwembamba wa timu ile, na kijana yule aliruka mara tatu mbele yake, na mara tatu mpira ukaingia kikapuni, na mara zote tatu Usi alibaki chini kama aliyefungwa kwenye kigingi. Salem alikuwa anajua. Usi alimwambia melini, akamwapisha. Nahodha angeweza kunyanyua mkono akaomba mtu abadilishwe. Alimtazama Usi, Usi akamtikisia kichwa kwamba hapana, na Salem akaushusha mkono wake.

"Barua inasema nini?" Usi akauliza.

"Inasema nifike saa tatu. Watu ndio wanaosema mengine."

"Utawaambia habari ya mguu?"

"Nshakwambia kwenye meli kuwa sitosema."

"Hiyo ilikuwa kabla."

"Kabla ya nini? Ahadi haina kabla." Salem akasimama, akaipangusa suruali yake vumbi. "Mama anakusalimu," akasema, akashuka ngazi. Hakumwomba kitu, na Usi alitamani angemwomba.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya mchele. Mwaka ule mchele ulikuwa wa kugaiwa, na Bi Time alipofika dukani na kikapu chake saa moja asubuhi, wanawake wapatao thelathini walikuwa wameshapanga foleni ukutani. Mbele yake, watu watano hivi, alisimama Bi Bahiya, mama yake Salem, mjane aliyeishi kwa kushona kofia. Wawili hao hawakuwa mashoga, lakini kwa miaka miwili ambayo watoto wao walicheza pamoja walikuwa wakisalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Siku ile Bi Time alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu.

"Kuna watu wanauziwa mchele," mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa kumtaja mtu, "na kuna watu wanauza wenzao."

"Sisi wa foleni," akajibu mwengine. "Wenye kulipwa washalipwa huko huko Dar es Salaam."

Kicheko kikapita kutoka mtu hadi mtu. Bi Bahiya alitazama mbele. Alipoufikia mlango wa duka, yule aliyekuwa nyuma yake alimpita kama kwamba pale hapana mtu, na wa nyuma ya huyo naye akapita, na mwenye duka akawapimia bila ya kunyanyua macho. Alipopita wa tatu, Bi Bahiya alikunja mfuko wake akatoka kwenye mstari. Katika kugeuka ndipo alipomwona Bi Time.

"Bi Time," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo kila mtu aliisikia. "Mwanao alikuwepo kiwanjani. Hakukwambia kitu?"

Foleni nzima ikamgeukia. Bi Time alifikiri cheti cha ualimu cha mwanawe, alifikiri mumewe ambaye hajui, akafikiri pia, na hili ndilo lililomwaibisha baadaye, kwamba akisema sasa atapitwa yeye mlangoni.

"Hakunambia kitu," akasema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, Bi Bahiya."

Bi Bahiya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa haijulikani, akaenda zake na mfuko mtupu. Bi Time alipata mchele wake. Aliuchagua, akaupika, akawapakulia mume na mtoto. Yeye alisema ameshiba.

* * *

Kificho aliuona mguu Jumapili adhuhuri. Alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe penye pipa la maji, anangoja zamu yake ya kutawadha, Usi akafungua kitambaa ili akoshe miguu. Kifundo kilikuwa kimevimba kimekuwa rangi ya zambarau iliyokaribia kuoza.

"Mguu huo tangu lini?"

"Tangu Michenzani, baba."

"Michenzani ilikuwa kabla ya safari."

"Ndiyo."

Kificho alikiokota kitambaa akakigeuza mkononi. Aliijua ile kanga. Alitawadha, akasali, kisha akaingia chumbani kwa mkewe, na Usi akamfuata nyuma.

"Uliufunga wewe," akamwambia Bi Time.

"Niliufunga mie."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kazini. Na ungemzuia."

"Ningemzuia. Ndiyo, ningemzuia." Alikaa juu ya sanduku. "Nimelala nyumba moja na nyinyi, nakula na nyinyi sinia moja, na mambo yangu nayasikia penye pipa la maji."

Usi alisema, "Kesho Salem anaitwa, baba. Nataka kwenda kusema."

"Ukasema nini? Kwamba uliwaficha walimu wako? Cheti chako kimo mkononi mwao, na imebaki miezi mitatu. Mwaka wa tisa huu natengeneza madawati ya skuli, Usi. Nayafikisha mpaka mlangoni, nayaweka chini, narudi. Nilitaka wewe uingie ndani usimame mbele yake."

"Na Salem?"

"Salem ana mdomo."

"Hasemi. Ameniahidi."

"Basi hilo ni lake na nafsi yake."

Bi Time alikuwa amekunja mikono mapajani. Alisema taratibu, bila ya kumtazama yeyote, "Jana mama yake aliniuliza. Dukani, mbele ya watu. Nikamwambia sijui kitu. Walikuwa washampita watatu, na bwana wa duka anapima tu."

Kificho alinyanyua kichwa. "Aliondoka bila ya mchele?"

"Bila ya mchele."

Chini, jirani alikuwa anatwanga kitu, na kinu kilisikika mpaka juu. Mwisho Kificho alimwashiria mwanawe akae, akauweka mguu ule juu ya goti lake mwenyewe, akaubonyeza kwa kidole gumba polepole kuzunguka mfupa wote, kama anayetafuta ufa kwenye ubao.

"Haujavunjika," akasema. "Mimi sikwambii sema, wala sikwambii nyamaza. Leo nimekasirika, na mtu aliyekasirika hafai kushauri. Fanya lile ambalo utaweza kuishi nalo."

Akaufunga mguu tena kwa kile kile kitambaa, na akaufunga vizuri kuliko mkewe.

* * *

Kamati ilikaa katika chumba cha darasa, watu saba nyuma ya meza mbili zilizounganishwa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Jaku, mfundishaji wa hesabu, mtu mwenye kuogopa makosa ya aina yoyote. Salem alikuwa amesimama mbele yao. Hakupewa kiti. Usi alipobisha hodi na kuingia, mjumbe mmoja alikuwa katikati ya swali.

"Wewe hukuitwa," akasema Mwalimu Jaku.

"Naam, mwalimu, sikuitwa. Nina neno."

Akalisema akiwa amesimama pale mlangoni, kwa haraka, maana alijua akipunguza mwendo ataacha njiani. Alisema siku aliyoanguka, alisema alivyoficha, alisema ile mipira mitatu ni yake. Mjumbe mmoja alisema hayo ni maneno tu. Usi akainama kufungua kiatu, na kwa kuwa mguu ulijaa ndani, kiatu kilikataa, ikabidi akae chini sakafuni mbele ya watu wazima saba avute kwa mikono miwili. Kilipotoka, akafungua na kitambaa. Mwalimu Masoud, naye mmoja wa wale saba, aligeuzia uso dirishani. Kwenye mazoezi ya mwisho alimwona Usi anakimbia kwa ncha ya mguu, akajiambia kuwa hajaona.

"Nani mwengine aliyejua?" akauliza Mwalimu Jaku.

Usi alimfikiria mama yake. "Hakuna," akasema. "Mimi peke yangu."

"Nilijua mie," akasema Salem. "Alinambia melini."

"Na ukamwacha acheze?"

"Nilimwacha. Nilidhani tutashinda hivyo hivyo. Yeye ndiye mlinzi wetu bora, mwalimu, hata kwa mguu mmoja nilimwamini."

Mjumbe wa mwisho wa meza, ambaye kutwa hakuwa amesema kitu, aliegemea mbele. "Na yule uliyemkumbatia?"

"Mtoto wa mama yangu mkubwa. Miaka saba sikuwahi kumwona. Nilimwona kiwanjani, kavaa jezi ya watu." Salem akamtazama. "Ningefanyaje?"

Katika karatasi za kikao swali lile halikuandikwa.

Hukumu ilibandikwa ubaoni Jumatano. Timu haitosafiri mwaka unaofuata. Salem kavuliwa unahodha. Usi kaondolewa katika michezo yote na atarudia muhula wa mwisho, kwa hiyo cheti chake kitachelewa miezi sita. Habari ya kuuza mchezo haikutajwa popote, si kwa kuthibitishwa wala kwa kukanushwa, na hakuna aliyemwomba radhi mtu. Kificho alikwenda mwenyewe kuisoma, akiwa na nguo zake za kazi, kisha akarudi karakana. "Miezi sita," alimwambia mkewe jioni. "Nilidhani itakuwa zaidi."

* * *

Siku ya pili yake Bi Time alivaa buibui akaenda kwa Bi Bahiya. Alimkuta amekaa kizingitini anashona kofia, nyuzi nyeupe zimemtapakaa mapajani. Bi Bahiya alisema "Karibu," kwa kuwa ndivyo inavyosemwa, lakini hakujisogeza mlangoni.

"Nimekuja kukwambia kwamba nilijua," akasema Bi Time. "Siku ile dukani nilikuwa najua. Mguu niliufunga kwa mikono yangu."

"Salem keshanambia habari ya mguu."

"Basi nisamehe."

Bi Bahiya alitia sindano, akavuta uzi mpaka mwisho wake. "Umekuja kunambia hapa, mimi na wewe na ukuta," akasema. "Kule tulikuwa wangapi?"

"Tulikuwa wengi."

"Haya."

Akaendelea kushona. Bi Time alisimama kidogo, akaona kuwa mazungumzo yamekwisha, akaondoka.

Ijumaa baada ya laasiri palikuwa na maulidi ya arubaini kwa Bi Wanu, jirani wa chini, aliyepata mjukuu. Wanawake wa mtaa walijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Wengi wao walikuwa kwenye foleni ile ya mchele. Bi Bahiya hakuwepo, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba hakualikwa. Maulidi yalisomwa, watu wakasimama, wakakaa, uvumba ukazungushwa. Wakati masinia yanaanza kutolewa, Bi Time alisimama tena, peke yake.

"Nina neno, jamaa," akasema.

"Bi Time, leo arubaini ya mtoto," akasema Bi Wanu kwa upole.

"Najua, na unisamehe, Bi Wanu. Sina siku nyengine nitakayowaona nyote pamoja." Akaificha mikono yake ndani ya buibui. "Jumamosi Bi Bahiya aliniuliza mbele yenu kama mwanangu aliniambia kitu, nikasema hapana. Niliongopa. Mwanangu alikwenda mchezoni na mguu mbovu, na mimi ndiye niliyeufunga nikamwachia aende. Walifungwa kwa ajili ya hilo. Salem hakuuza kitu. Aliyemnyima Bi Bahiya mchele siku ile ni mimi."

Akakaa. Yule mwanamke aliyetoa mzaha dukani akasema, "Kumbe ulikuwa unajua, ukatuacha tukasema yote yale." Akavuta miguu yake, na wa karibu naye akavuta yake. Ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia Bi Time kuliko kukumbuka nani alisema nini, na wengi wakalishika hilo lililo rahisi. Waliokaa naye walisogea kwenye masinia ya wenzao, watu saba saba penye nafasi ya watano, na yeye akabaki mbele ya sinia zima la muhogo wa nazi, hajatia mkono.

Bi Wanu alimpa binti yake mtoto, akavaa buibui lake, akatoka nje na kuwaacha wageni wake na chakula mbele.

Aliporudi alikuwa na Bi Bahiya. Uzi mweupe mmoja ulikuwa bado umemnasa begani. Alitoa salamu, akaitikiwa na watu wote kwa pamoja, na kila sinia likamfungukia. "Karibu hapa, Bi Bahiya." "Njoo huku, pana nafasi." Bi Bahiya alisimama katikati ya ukumbi, akawatazama mmoja mmoja, bila ya haraka. Aliwajua wote.

"Huko mmebanana," akasema.

Akaenda mpaka penye sinia la Bi Time, akakunja buibui, akakaa upande wa pili. Hawakutazamana. Bi Wanu akaleta bakuli la maji, wakanawa mmoja baada ya mwengine.

"Mguu wake vipi?" akauliza Bi Bahiya.

"Unanywea."

"Autie mto akilala. Usining'inie."

"Ntamwambia."

Bi Bahiya akamega kipande cha muhogo, akakichovya kwenye tui, akala. Alikula cha pili. Kisha akalisukuma sinia kidogo kuelekea kwa Bi Time.

"Kula," akasema. "Kinapoa."